AKILI NI AMANA: MOSHI WA MJI WETU NA UBONGO WA WATOTO WETU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kumbukumbu ya Jumuiya, Kampala)



 

Nilipoombwa niseme katika siku hii ya furaha, wengi walitazamia kwamba nitasimulia habari za wazee wetu walioianzisha Jumuiya hii, na jinsi walivyochanga senti zao mpaka tukapata mahali pa kusalia na pa kusomeshea. Habari hizo wenzangu watazieleza vizuri kuliko mimi. Mimi nimechagua kusema habari za moshi. Najua wapo watakaocheka wakisema: sheikh na moshi, wapi na wapi? Nawaomba mnistahimilie, kwa maana nina kosa langu ambalo yanipasa kulikiri kwanza.

Kwa muda wa miaka mingi nimesomesha watoto katika chuo chetu kilicho nyuma ya msikiti. Kila siku baada ya sala ya Alasiri, mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiamuru takataka zikusanywe nyuma ya ukuta zitiwe moto: majani, makaratasi, kaveera, chupa za plastiki na viatu vya mpira vilivyochakaa. Nikiona kuwa huo ndio usafi. Na wakati ule ule watoto wamo ndani wanasoma, madirisha yako wazi, na moshi mweusi unaingia. Wakikohoa, mimi huwaambia wapaze sauti zaidi. Alikuwapo mtoto mmoja ambaye akihifadhi aya mbili leo, kesho amekwisha kuzisahau. Nilimkemea mara nyingi mbele ya wenzake, nikamwita mvivu.

Sisemi kwamba moshi ndio uliomsahaulisha. Sababu za mtoto kusahau ni nyingi: njaa, malaria, usingizi haba, na hata hofu ya mwalimu. Ninalosema ni kwamba mimi niliyemtaka ahifadhi ndiye niliyekuwa nikimfukizia moshi, wala sikuwahi kujiuliza kama mambo hayo mawili yapatana.

Aliyenizindua ni binti aliyesoma chuoni hapo hapo utotoni mwake, naye sasa ni muuguzi. Siku moja alikuja kumchukua mdogo wake, akauona moto ule. Akanisalimu kwa adabu, kisha akasema: "Maalim, uniwie radhi kwa neno hili. Moshi huu hauishii kifuani mwao. Unafika kichwani." Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba mapafu hayamo kichwani. Hakubishana nami. Juma la pili akarudi na karatasi zake, akakaa mkekani, akanieleza taratibu kwa muda wa saa nzima. Elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi tu, wala sioni haya kusema kwamba mengi nitakayoyataja leo nimefunzwa na mwanafunzi wangu.

Ndugu zangu, wanachuoni wetu, na miongoni mwao Imamu Ghazali katika kitabu chake cha Al-Mustasfa, wamebainisha kwamba sheria imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Tazameni jinsi akili ilivyowekwa katika safu hiyo. Asiye na akili hana taklifu, kalamu imeondolewa juu yake. Na kwa ajili ya kuihifadhi akili ndipo tukaharimishiwa ulevi. Hapana hata mmoja kati yetu awezaye kumwachia mtu aingie chuoni na chupa ya waragi. Tungemfukuza kwa fimbo. Lakini kuna kitu kingine kinachoidhuru akili, nacho tunakifungulia madirisha kila siku. Na mlevi, akilala usiku, asubuhi aghalabu fahamu zake humrudia. Ubongo wa mtoto ukidhurika wakati unakua, huenda kilichopotea kisirudi tena.

Natuutazame kwanza mji wetu. Kampala imejengwa juu ya vilima: Kibuli, Kampala Mkongwe, Nakasero, Makerere, Rubaga na vinginevyo, na baina ya vilima hivyo yako mabonde wanamokaa watu wengi. Mtu akisimama Kibuli baada ya sala ya Alfajiri, wakati wa kiangazi, huona utando wa kijivu umelala juu ya mabonde. Usiku hewa ya baridi hushuka ikatulia chini, na kila moshi uliotoka hubaki pale pale mpaka jua lipande. Na moshi wenyewe una mama wengi: motokaa kuukuu na bodaboda, sigiri za mkaa na mafiga ya kuni, takataka zinazochomwa mitaani, viwanda, na vumbi la barabara zisizotiwa lami.

Jambo hili si geni katika elimu ya Waislamu. Ali bin Ridhwan, tabibu wa Misri katika karne ya 11, aliandika kitabu juu ya kuzuia madhara ya mwili katika nchi ya Misri. Humo aliusifia mji wa Fustat jinsi ulivyo: uko mahali pa chini, jabali la Muqattam limeuzuia upande wa mashariki, vichochoro vyake ni vyembamba na majumba yake ni marefu, na moshi wa matanuri ya hamamu ni mwingi. Akasema kwamba jioni mvuke mweusi huonekana juu ya mji, hasa upepo ukitulia. Msomaji wa kitabu hicho akiwa Kampala atadhani habari anazosoma ni za kwetu.

Yeye alitazama kwa macho. Siku hizi watu hupima. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere walianzisha kazi iitwayo AirQo, wakatengeneza vipimo vya hewa vya bei nafuu, wakavifunga juu ya majengo na hata juu ya bodaboda. Na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba vumbi laini, kwa wastani wa mwaka mzima, lisizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo wa hewa. Hewa ya Kampala imepimwa mwaka baada ya mwaka ikaonekana kukipita kiwango hicho zaidi ya mara tano.

Sasa nirudi kwenye swali nililomuuliza binti yule: moshi hufikaje kichwani? Vumbi hilo ninalolitaja si lile tunalopangusa juu ya meza. Chembe zake ni ndogo mno, hata ukizipanga kiasi cha 30 bega kwa bega ndipo zifikie unene wa unywele mmoja, na ziko zilizo ndogo zaidi ya hapo. Vinyweleo vya pua havizizuii, wala kikohozi hakizitoi zote. Zina njia mbili. Ya kwanza ni pua yenyewe, kwa maana juu kabisa ndani ya pua imo mishipa ya fahamu ya kunusia, nayo imeungana na ubongo pasipo ukuta mkubwa kati yao. Ya pili ni mapafu: chembe zilizo ndogo kabisa hupenya zikaingia katika damu, na damu huzunguka mwili mzima. Tena hata zile zinazobaki mapafuni hazikai kimya. Mwili huziona kuwa adui, ukawasha moto wa kupigana nazo, na moto huo ukiwaka siku zote huidhuru mishipa ya damu mpaka ile ya ubongo. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lancaster huko Uingereza walieleza habari za ubongo wa watu 37 waliokufa, wenyeji wa Manchester na wa mji wa Mexico. Walikuta ndani yake chembe za madini ya chuma zilizoviringana, ambazo umbo lake ni la kitu kilichozaliwa katika joto kali, kama la injini, wala si la kitu kilichokua mwilini.

Na je, madhara yake kwa watoto yameonekana? Katika mji wa Barcelona, nchi ya Hispania, walichunguzwa watoto 2,715 wenye umri wa miaka 7 mpaka 10, katika shule 39, na habari zake zikachapishwa mwaka 2015. Walipimwa mara nne katika muda wa mwaka mmoja, ili ijulikane jinsi nguvu ya kukumbuka inavyokua: ile nguvu ya kushika jambo moyoni huku ukilifanyia kazi. Katika shule zenye hewa safi zaidi nguvu hiyo ilikua kwa asilimia 11.5. Katika shule zenye moshi mwingi wa magari ilikua kwa asilimia 7.4. Enyi walimu wenzangu wa Kurani, hiyo ndiyo nguvu mtoto anayoitumia anapoishika aya ya kwanza huku akiitafuta ya pili. Nilipoelezwa hesabu hii nilimkumbuka yule mtoto wangu, nikanyamaza.

Liko pia jambo la madini ya risasi, yale yale yatiwayo katika betri za magari. Wazungu walianza kuyatia katika petroli katika miaka ya 1920 ili injini zisigonge. Mwezi wa Oktoba 1924, katika kiwanda kimoja cha New Jersey, Marekani, wafanyakazi wa dawa hiyo walirukwa na akili, wengine wakafungwa kwa nguo za wendawazimu. Watano wakafa. Dalili gani tena ilitakiwa? Lakini biashara iliendelea, na moshi wa risasi ukamwagwa katika miji ya dunia nzima. Afrika kusini ya Sahara iliacha petroli hiyo mwishoni mwa mwaka 2005, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha Julai 2021. Basi sisi tuliozaliwa katika miaka ya 1960 na 1970 tuliivuta utoto wetu wote. Na risasi hupunguza akili ya mtoto, umakini wake na utulivu wake, hata ikiwa kidogo katika damu.

Msidhani kwamba ilikwisha pamoja na petroli. Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi wa damu ya watoto 163 wa hapa Kampala. Mmoja katika kila watano alikutwa na risasi kufikia au kupita kiwango kilichohesabiwa kuwa cha hatari wakati ule, na waliokaa karibu na jaa la Kiteezi walikuwa nayo zaidi. Ni jaa lile lile lililoporomoka Agosti 2024 likaua watu zaidi ya 30. Na ndugu zetu wa Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, walikaa ubavuni pa kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Moshi wake uliwaingia watoto. Mama mmoja, Phyllis Omido, baada ya mwanawe mchanga kuugua na risasi kuonekana katika damu yake, alisimama akalipigania jambo hilo mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamua watu wa mtaa walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufani, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikalithibitisha neno hilo. Mali imeamriwa ilipwe. Lakini akili ya mtoto hainunuliwi sokoni.

Wazee wenzangu, msiseme kwamba haya ni ya watoto peke yao. Hewa chafu ni katika sababu za kiharusi, ugonjwa ambao huuzima upande mmoja wa mwili na kuufunga ulimi. Na mwaka 2020 jopo la mabingwa walioitwa na gazeti la utabibu la The Lancet waliandika mambo 12 yanayoongeza maradhi ya kupotewa na kumbukumbu uzeeni, ambayo watu wanaweza kuyapunguza. Hewa chafu ilikuwa moja yao. Sote tumemwona mzee mtukufu akisahau rakaa, kisha jina la mwanawe, kisha njia ya kwenda kwake. Si kila aliyesahau amesahaulishwa na moshi. Lakini mwenye kupenda kufa na shahada moyoni na ulimini, haimpasi kudharau kitu kinachoulia ubongo wake kidogo kidogo.

Na mwisho wa hayo ni sigiri iliyowashwa chumbani usiku wa baridi, mlango umefungwa. Mkaa hutoa hewa isiyo rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksidi, ambayo huishika damu kwa nguvu kuliko hewa tunayoihitaji, zaidi ya mara 200. Aliyelala hazinduki. Na aliyeokolewa huenda akabaki na usahaulifu na mikono yenye kutetemeka.

Basi dini yasemaje? Ninyi mnajua kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimkataza aliyekula kitunguu saumu kibichi asiukaribie msikiti, kwa sababu ya udhia wa harufu. Ikiwa hiyo ni harufu ya chakula cha halali, isiyomdhuru mtu, itakuwaje moshi wa kaveera? Na kanuni ya kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana ni mlango mkubwa wa sheria. Wanachuoni wa Kimaliki waliujadili moshi kwa jina lake. Ibnu Rrami, fundi wa majenzi wa Tunis katika karne ya 14, aliandika hukumu za majumba na majirani, na humo moshi wa hamamu na wa matanuri umehesabiwa kuwa dhara ambayo jirani ana haki ya kuizuia. Kwa hiyo jirani akikuambia, "Moshi wako unaingia kwangu," usimwone mwenye kiburi. Anadai haki yake.

Yako mengi yaliyo mikononi mwa serikali: barabara, magari, majaa na viwanda. Mwaka 2018 ilipitishwa sheria ya kuzuia kuingizwa nchini magari yaliyopita umri wa miaka 15. Tuwadai wenye mamlaka watimize wajibu wao, kwa adabu na bila kuchoka. Lakini leo nataka tuanze na yaliyo mikononi mwetu, nami naleta mambo matano mbele ya Jumuiya.

La kwanza: moto wa takataka nyuma ya chuo nimekwisha kuuzima, wala hautawashwa tena maadamu mimi ni mwalimu hapo. Gari la kuchukua takataka lataka malipo. Naomba kamati iyaingize katika hesabu kama inavyoingiza taa na maji. Na nyumbani, yanayooza tuyafukie chini ya migomba, na kaveera tusiitie moto kabisa.

La pili: jiko. Mama zetu ndio wanaovuta moshi kuliko sisi sote, na mtoto yuko mgongoni au tumboni. Tupikie mahali penye wazi, kuni ziwe kavu, na mwenye uwezo wa gesi au umeme asiuonee choyo. Katika Maulidi na arusi, vyungu vikubwa visiwekwe chini ya madirisha ya watoto na wageni. Sigiri isilale chumbani na watu, hata ikionekana kuwa imezimika.

La tatu huenda likaniletea lawama. Udi na ubani ni katika mambo mema ya kwetu, na manukato yanapendeza katika dini. Siyaharimishi. Lakini moshi wa udi nao ni moshi, na una vumbi lile lile laini. Tufukize kidogo, dirisha likiwa wazi, wala tusimfungie mtoto mchanga ndani ya chumba kilichojaa. Msikiti unatosha kunukia bila kufuka.

La nne: wenye magari na bodaboda, mkingoja watu siku ya Ijumaa mlangoni, zimeni injini. Hutuba ni ndefu kuliko mnavyodhani, na petroli mnaichoma bure.

La tano ni jengo letu jipya. Katika ramani tuliyoonyeshwa, madarasa yako juu ya maduka, madirisha yakielekea barabara kuu. Ofisi, ghala na chumba cha Maalim viko uani, penye miti. Nimeyasikia maelezo ya sababu zake: kwamba sauti za watoto zikisikika barabarani chuo kitajulikana. Mimi naomba ramani igeuzwe. Watoto wapelekwe uani, na chumba changu kije mbele. Ubongo wangu umekwisha kukua, wao bado. Ikiwa kugeuza ramani kutaongeza gharama, basi mimi nitakuwa wa kwanza kutoa mchango, na daftari liko mezani kwa katibu.

Yule mtoto niliyemwita mvivu sasa ni mtu mzima, ana kazi yake na watoto wake. Nilimwendea kabla ya sherehe hii nikamtaka radhi. Akacheka, akasema alikwisha kusahau. Mimi sikusahau. Mwanawe ameandikishwa katika chuo chetu mwaka huu, na nataka akute darasa ambalo dirisha lake likifunguliwa, huingia hewa.

Namwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotutangulia, azihifadhi akili zetu na za vizazi vyetu, na atujaalie tuirudishe amana yake kama tulivyopewa. Wabillahi taufiki. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.